Muulize Shangazi Kiranja: Kaunta Imenivimbia

*Shangazi Kiranja, shikamoo. Kaunta ya jikoni kwangu imechoka. Ni ya chipbodi, imevimba pale kwenye sinki na ganda la juu linabanduka. Nataka nitoe yote, fundi anitengenezee ya mbao halisi kwa mkono. Mume wangu anasema natupa hela. Nifanyeje?*
*Niliyechoka, Tabata*

Marahaba, mwanangu, na hongera. Hongera si ya kaunta, ni ya kuniuliza mimi badala ya jirani. Jirani angekuambia uweke marumaru kwa sababu yeye kaweka marumaru. Mimi nina maoni huru, tena mengi, na hili jina la Kiranja sikujipachika. Nilipewa darasa la nne kwa kuandika majina ya wapiga kelele. Daftari lile bado ninalo, na baadhi ya waliomo leo ni watu wazito, kwa hiyo nashauri bila kuogopa mtu.

Kaunta yako naijua bila kuiona. Ukingo wa sinki umeumuka kama andazi, ukibonyeza kidole kinazama, ukikitoa kinakuja na unga wa kahawia. Chini yake wanaishi mende ambao kwa muda waliokaa hapo wanastahili hati ya kiwanja. Chipbodi ni vipande vya mbao vilivyosagwa, vikagandishwa kwa gundi na kuvikwa ngozi ya plastiki. Siku fundi alipokata tundu la sinki na kuacha kingo bila kupaka kitu, hapo ndipo maji yalipopewa mwaliko. Chembe zikishafura na gundi ikaachia, hazirudi. Usijaribu kuianika. Watu wanaanika, jamani.

Sasa tuje kwenye mbao, na hapa umemgusa mwenyewe. Babu yangu aliishi miaka mingi nyumba ya pili kutoka kwa seremala, na ujuzi husambaa.

Shauri langu la kwanza lilikuwa mpingo. Mhariri ameniomba nilifute, nami nimeliandika kwa wino mzito zaidi. Hebu fikiria kaunta ya mpingo, nyeusi, nzito kiasi kwamba kipande chake ukikitumbukiza kwenye ndoo kinazama moja kwa moja. Wezi wangehamisha nyumba wakaiacha kaunta. Kasoro yake ni kwamba mti huo hukua kwa miongo na miongo, na shina lenyewe ni dogo, limepinda, lina nyufa, hivyo ubao mpana huupati. Ndiyo sababu wazungu wanauchongea klarineti na oboi, vitu vyembamba. Wewe ungeunganisha vipande mpaka wajukuu wamalize shule. Lakini kila ukiweka kikombe ingelia noti, na mimi huwa sipangi jiko bila muziki. Basi, tuache, kwa kuwa mhariri analia.

Chukua mninga. Ule wa Tabora unajulikana, ila popote penye miombo upo. Watu wanausifia rangi. Mimi nausifia tabia. Ukishakauka hautembei sana, haujikunji wala haujinyongi hovyo, sifa ambayo nimeitafuta kwa wanaume watatu bila kuipata. Kama una hela zaidi kuna mtiki, mathalani wa shamba la Longuza kule Muheza, ila una mafuta ndani yake: mwambie fundi afute kingo vizuri kabla ya gundi, la sivyo viungo vitaachana mapema. Na popote utakaponunua, dai risiti na uliza hati ya kusafirisha mazao ya misitu. TFS, wale wakala wa misitu, hawana utani, na mimi sitakuja kukutoa.

Nenda mwenyewe Keko, kwa maseremala. Fundi atatoa ubao wa mbili kwa sita, ataupiga kofi, aseme: "Hii kavu kabisa, mama, imekaa mwaka mzima." Mshukuru, maana amejishtaki. Wazee wa kazi huhesabu takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, mbao zikiwa zimepangwa kivulini na vijiti katikati ili upepo upite. Ubao wa inchi mbili uliokaa mwaka uko darasa la kwanza tu.

Kama huamini hesabu, tumia mizani. Kata kipande, kipime, kipime tena wiki ijayo, na ijayo. Kikiacha kupungua, kimekauka. Mimi changu nilikifunga kanga nikakipeleka kliniki ya watoto, kwa kuwa mizani yao haidanganyi. Nesi alinikaripia mbele ya akina mama wote kwamba mtoto anapoteza uzito kila nikija. Nilipiga vigelegele. Nasikia siku hizi wanatumia mfano wangu kwenye semina, sijajua wanausemaje.

Mbao zikifika nyumbani zisiwahiwe na msumeno. Zilaze ndani wiki kadhaa zizoee hewa ya hapo. Chumbani panafaa. Mumeo ahamie sebuleni, yeye alishakauka zamani.

Kabla sijaendelea, nisahihishe historia. Mwaka 1926 mwanamke wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko la nyumba za Frankfurt, Ujerumani, ambalo wengi wanaliita mama wa majiko yote ya kisasa. Kila kitu karibu na mkono, meza ya kukatia ya mbao ngumu isiyoshika madoa, na droo za unga za mwaloni ili wadudu wasisogee. Majiko kama elfu kumi yalijengwa. Wazo hilo hilo nilikuwa nalo mimi. Kilichonizuia ni kutozaliwa.

Na mumeo akikwambia mbao zinafuga vijidudu, mpe jina la Dean Cliver. Huyu alikuwa mtafiti Marekani, na miaka ya 1990 yeye na wenzake walitaka kujua namna ya kusafisha vibao vya kukatia nyama, kwa vile kila mtu aliamini plastiki ndiyo salama. Wakakuta bakteria wanafyonzwa ndani ya mbao na kufia humo, ilhali plastiki iliyochanwachanwa na kisu inawahifadhi. Hilo halikupi ruhusa ya kutofuta damu ya kuku. Mamangu alilijua bila maabara, na mimi nilimrithi akili, mdogo wangu akachukua urefu.

Tumefika pa maana. Kaunta ya sentimita 60 inataka mbao tano za mbili kwa sita, kwa sababu zikishapigwa randa kila moja inapungua kidogo pande zote. Ziunganishwe ubavu kwa ubavu, kwa gundi isiyoogopa maji, zibanwe sawasawa. Halafu sikiliza hili, na ikibidi mshike fundi sikio alisikie pia: mbao inapumua kwa upana. Urefu wake haubadiliki kiasi cha kutisha, lakini upana utafura masika na kusinyaa kiangazi, milimita kadhaa kwa kaunta kama yako. Ukiikaza kwa skrubu huku na huku kwenye makabati, itapasuka katikati, na usiku utasikia mlio ukadhani ni mwizi. Matundu ya skrubu kwenye kabati yarefushwe kuelekea nyuma na mbele ili ubao upate pa kusogea. Fundi mmoja aliwahi kuniambia hiyo ni mbwembwe. Nilimtazama. Akarefusha.

Kuhusu mafuta: mafuta ya kupikia hapana, yatachacha. Ya nazi hayachachi haraka, lakini hayakauki kamwe, na kwa joto la Dar utakuwa unaandaa chakula huku viwiko vinateleza. Tafuta linsidi ambayo haikuchanganywa na dawa za kukausha, paka nyembamba, futa ziada, subiri ikauke, rudia. Paka juu, chini na pembeni, kwa sababu ukipaka juu tu, upande mmoja utakunywa unyevu na mwingine hautakunywa, ubao ujikunje. Vitambaa ulivyopakia usivikunje ukavitupa kwenye ndoo ya taka. Vinajipasha joto vyenyewe hadi kuwaka moto. Vitandaze kwenye kamba, majirani waulize, uwaambie ni mimi nimesema.

Nilitaka sasa nieleze nilivyomfundisha balozi mmoja kupiga msasa, ila mhariri ameshazima taa ya ukumbini. Haraka basi! Kingo za tundu la sinki zinywe mafuta hadi zikatae, maana ubao ulipokatwa kichwa hunywa maji kuliko ubavuni. Chini ya ukingo wa mbele fundi achimbe mfereji mwembamba, matone yadondoke badala ya kutambaa hadi kwenye kabati. Sufuria ya moto iweke juu ya kigae. Akikosea, fundi alipe. Akipatia, niite kwenye pilau.

Na wewe wa Morogoro unayeuliza kama ukubali posa ya seremala: muulize kwanza meza ya mteja ataimaliza lini. Akisema "kesho", kataa. Akisema "mteja hajamalizia hela", huyo ni mkweli, nitumie namba yake.