Mwongozo wa Kutembea Juu ya Theluji Ambayo Haipo

Hongera kwa kununua viatu vya theluji. Sasa sogeza pazia: nje inanyesha mvua.

Usivirudishe dukani. Hapa Lewiston, jimbo la Maine, kona ya kaskazini mashariki ya Marekani, mchezo huu huanza hivyo hivyo. Mwongozo huu ni kwa ajili ya ndugu zetu waliofika huku kutoka Bukavu, Uvira, Bujumbura na kwingineko, ambao kila mwenyeji huwaambia kwamba baridi haikimbiwi ndani ya blanketi, bali hufuatwa msituni. Ni kweli. Anachosahau kusema ni kwamba theluji yenyewe siku hizi huja ikipenda.

Kwa wasiovijua, viatu hivi ni fremu pana unayoifunga chini ya buti zako ili uzito usambae na usizame hadi magotini. Vya kisasa ni vya aluminiamu au plastiki, na chini vina meno ya chuma. Vya zamani ni vya mbao iliyopindwa kwa mvuke na kusukwa kamba za ngozi, na vile vya mviringo vinafanana mno na ungo. Picha yako ukiwa navyo usimtumie bibi. Mtu mzima, peke yake, msituni, magharibi, na nyungo mbili: kwetu vikao vya kijiji vimeitishwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Na kabla hujatoa pesa, ulizia maktaba ya mji wako. Baadhi ya maktaba za Maine huazimisha viatu vya theluji pamoja na vitabu, na hasara ya kutovitumia inakuwa ya serikali.

Ukiambiwa mchezo huu una wenyewe, kubali. Wenyewe ni Wabanaki, watu wa asili wa eneo hili, waliovitengeneza ili waweze kuwinda na kusafiri wakati wa baridi, karne nyingi kabla mzungu hajaja kuzama kwenye theluji yao. Wengine wote ni wageni. Mwaka 1924 wahamiaji wanaozungumza Kifaransa kutoka Quebec, Kanada, watu wa viwanda vya nguo vya Lewiston, walianzisha klabu ya kutembea kwa viatu hivi wakaiita Le Montagnard. Miaka hiyohiyo kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan lilikuwa na nguvu Maine, na liliwachukia Wakatoliki hawa na lugha yao. Wanaklabu wakashona sare za sufu za rangi kali, wakapiga ngoma na tarumbeta, wakaandamana barabarani na viatu vyao vya theluji. Kwa hiyo ukiona mtu anakushangaa mitaani na koti lako la rangi ya chungwa, jua mji huu umeshawahi kushangaa zaidi.

Tuje kwenye hali ya hewa, penye ugonjwa wenyewe. Dhoruba kubwa za huku hupanda na pwani ya Atlantiki zikivuma kutoka kaskazini mashariki. Watu wa Lamu na Zanzibar watasema huo ni kaskazi. Upande ni uleule na miezi ni ileile, ila kaskazi ana adabu: majahazi yalipanga safari kwa kumtegemea. Huyu wa Maine akisogea kilomita chache kuelekea baharini, unapata futi ya theluji laini. Akisogea kilomita chache kuelekea bara, unapata mvua. Akisita katikati, unapata mvua inayoganda ikigusa kitu, na asubuhi gari, ngazi na mbwa wa jirani vyote vinang'aa. Mtabiri wa televisheni atachora mstari kati ya theluji na mvua, na mstari huo utapita katikati ya jiko lako.

Akisema inchi 3 hadi 12, usimcheke. Amesema ukweli wote alio nao.

Na usidhani theluji ikishatua ni yako. Tarehe 18 Desemba 2023 ilishuka mvua kubwa, theluji iliyokuwa milimani ikayeyuka, na mito ya Kennebec na Androscoggin ikafurika wiki moja kabla ya Krismasi. Mwenyeji aliyekulia kwenye theluji ya kuaminika huumia sana na mambo haya. Hukaa barazani na kahawa yake akisema majira yameharibika. Wewe usiumie. Umetoka kwa watu waliopanda mahindi kwa mvua ya kwanza, wakaiona ikikatika, wakapanda tena kwa mbegu ya mkopo. Unajua kungoja kitu kutoka angani bila kukidai. Hicho ndicho kipaji pekee cha lazima katika mchezo huu, na hakiuzwi dukani.

Theluji ikidondoka, basi, ondoka. Usisubiri Jumamosi, maana Jumamosi ni ya mvua. Viatu vikae kwenye buti la gari tangu Novemba, pamoja na soksi za sufu, chupa ya chai ya tangawizi na tochi ya kichwani, kwa sababu Desemba jua linazama saa kumi na dakika chache jioni. Jinzi iache nyumbani: pamba ikilowa imelowa, na baridi itakuingia hadi kwenye mfupa. Bosi akiuliza unakwenda wapi mapema hivyo, mwambie unakwenda kuwahi. Hatauliza kuwahi nini. Naye ana viatu kwenye gari.

Nenda Thorncrag, msitu wa hifadhi ulio ndani ya mji wa Lewiston wenyewe. Hapo utajifunza kwamba theluji ni nyingi kwa tabia. Ile laini ya kwanza ni ya kwenye picha za kalenda; furahia, itadumu mpaka chakula cha mchana. Yenye maji hujikusanya chini ya meno ya chuma, tonge juu ya tonge, mpaka unajikuta umerefuka inchi nne na unatembea kwa maringo usiyoyakusudia. Simama, gonga kiatu kwa fimbo, endelea. Iliyoyeyuka ikaganda tena hulia kwa kila hatua, na wanyama wote wa wilaya wanajua umefika. Na isipokuwepo kabisa, vifunge viatu mgongoni utembee na buti. Utakaopishana nao watakuamkia kwa heshima, wakidhani unatoka mahali ambapo ipo.

Mkiwa wengi, anayetangulia ndiye anayeshindilia njia, na kazi hiyo inatoa jasho hata kwenye baridi ya kugandisha ndevu. Hapa malezi yetu yanafaa sana. "Tangulia wewe, kaka, mimi mgeni," mwambie mwenyeji, na uiname kidogo. Atafurahi kwa heshima hiyo kwa muda mrefu kabla hajaona faida yake ilikokwenda. Usijaribu kurudi kinyumenyume. Mkia wa kiatu utachoma theluji na utakaa chini bila kukaribishwa. Epuka pia vichwa vya misonobari michanga vinavyochungulia kwenye theluji nyingi, kwani chini ya matawi yake kuna uwazi unaoweza kukumeza hadi kiunoni.

Utakutana na sungura. Wa huku ana miguu mipana yenye manyoya, viatu vya theluji vya kuzaliwa navyo, na kila mwaka hubadilika kutoka kahawia kuwa mweupe. Tatizo ni kwamba haangalii theluji. Anafuata urefu wa mchana, na mchana hufupika theluji iwepo isiwepo. Kwa hiyo Desemba yenye mvua utamkuta kwenye majani makavu ya kahawia, mweupe pe, ncha tu za masikio zikiwa nyeusi, ametulia tuli akiamini haonekani. Hadithi zote tulizosimuliwa zilisema Sungura amewashinda Simba, Fisi na Tembo. Hakuna iliyotutayarisha kwa hili. Adabu ni kupita ukiangalia upande mwingine.

Siku ya joto la ghafla mwezi Januari, jikague kupe ukirudi. Wale wanaoeneza ugonjwa wa Lyme huamka joto likipita nyuzi 4 za Selsiasi hivi, na hawajali kalenda inasema nini. Novemba, msimu wa kuwinda paa, vaa rangi ya chungwa au nenda Jumapili, siku ambayo sheria ya Maine hairuhusu kuwinda.

Litabaki suala la kuwaeleza nyumbani. Simu kwa mama mdogo, Uvira, huenda hivi:

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

"Niko msituni."

"Umefukuzwa na nani?"

"Hakuna. Natembea tu."

"Unakwenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu, mama. Nikimaliza narudi."

Kimya. Kisha utamsikia akimwambia mtu pembeni kwamba mtoto anahitaji maombi. Mkubalie maombi, na umwombe aongeze sentensi moja kuhusu theluji.

Ikishindikana hata kwa maombi, ipo njia ya mwisho. Mwaka 2024, watu wakiwa wameshatundika viatu vyao stoo, dhoruba ya mwanzoni mwa Aprili ilimwaga zaidi ya futi moja sehemu nyingi za kusini mwa Maine. Theluji huja ukishaikatia tamaa. Kwa hiyo tangaza kwamba viatu unaviuza. Weka picha, weka bei, andika havijatumika, na hutakuwa umesema uongo. Mnunuzi akipiga simu, mwambie aje na taslimu kabla ya saa nne asubuhi. Akichelewa mpaka alasiri, atakukuta mlangoni unafunga kamba.