Shindano la Kumi na Moja Juu ya Amani

Safu ya Mzee Tafakuri, mshauri wa wenye kalamu wa Masisi na Walikale

Barua za mwezi huu zimeniwasili katika mfuko mmoja wa dereva wa pikipiki atokaye Sake, zikiwa zimelowana pembeni, na pamoja nazo jibini nzima ya Masisi, duara, imefungwa kwa jani la mgomba, isiyo na jina la mpelekaji wala la mpelekewa. Nami kwa kuwa ni mtu mwenye kuwadhania walimwengu wema, niliihesabu kuwa hidaya ya msomaji mwenye haya, nikaanza kuihudumia kwa kisu kabla sijafungua bahasha ya kwanza. Kwa hiyo, ikiwa majibu yangu leo yana unono kidogo, sababu ni hiyo.

*Mzee Mshauri, mimi ni katibu wa chama cha waandishi, hapa Kitshanga. Tuko watu thelathini na kitu, wengine walikimbilia Goma, mmoja yuko Kampala, tunatumiana maandiko kwa simu. Kila miezi miwili ni lazima nitangaze shindano, na akili imekauka. Tumefanya amani mara kumi. Tumefanya mazingira. Tumefanya vijana na kesho ya taifa. Mara ya mwisho nilipata insha nne, na mbili kati yake zilikuwa moja. Nifanye nini? — Katibu Aliyekauka*

Mwanangu Katibu, pole. Amani si mada mbaya, na katika nchi hii, ambayo Masisi mjini ilitekwa Januari 2025 na Walikale mjini Machi iliyofuata, mtu asiyeitamani ni wa kuonewa shaka. Kasoro si jambo lenyewe bali ni neno, ambalo kwa kutumiwa mno na kila mwenye gari jeupe na bango limekuwa kama shuka la wageni: hutandikwa anapoingia mgeni, hukunjwa anapotoka, wala hakuna wa nyumbani aliyepata kulilalia.

Shindano haliishi kwa mada. Huishi kwa sharti. Mada humwonyesha mwandishi pa kwenda, naye huenda kwa njia aliyokwisha kuikanyaga tangu darasa la tano, ilhali sharti humzibia njia ile ile, akalazimika kupita porini, na porini ndiko viliko vitu ambavyo hakuna aliyevitaja. Basi tangaza bila haya shindano la kumi na moja juu ya amani, lakini liharimishe neno lenyewe pamoja na jamaa zake wote: vita, umoja, maendeleo, vijana, kesho. Mpe kila mwandishi chukudu moja iliyopakiwa viazi, gurudumu lake la mti limevishwa kipande cha tairi kuukuu, kijana mmoja aliyeweka goti juu ya ubao, mteremko wa Mushaki kwenda Sake, na maneno mia tatu, asizidishe hata moja. Atakayenieleza kijana yule aliogopa kona gani, na kwa nini alishusha gunia kabla ya kuambiwa alishushe, atakuwa amenipa habari zote za amani nilizokuwa na haja nazo.

Usidhani kwamba nimelibuni jambo hili. Wahenga wetu wa pwani, walipotaka kushindana, hawakupeana vichwa vya insha. Mmoja alifumba fumbo katika shairi, na mwingine akalifumbua kwa vina vile vile na mizani ile ile, na aliyeshindwa kulifumbua alikaa kimya, jambo ambalo ni adhabu tosha kwa mshairi. Hata katika kurasa za *Mambo Leo*, gazeti lililoanza huko Tanganyika mwaka 1923, washairi waliendelea kujibizana, kila shairi likiwa ni jibu la lililotangulia na mwaliko wa litakalofuata. Angalia uvivu mtamu uliomo humo: katibu hana kazi! Amuru sentensi ya mwisho ya mshindi wa leo iwe sentensi ya kwanza ya kila mshindani wa mara ijayo, na wewe hutakauka tena, kwa kuwa hutatakiwa kuwa na maji.

*Papa Mshauri, niko Mubi, Walikale. Waamuzi wetu ni watatu, na wawili ni shemeji za mshindi. Tena wazee wetu ambao hawajui kuandika wana hadithi za kutupita sisi wote, lakini hawawezi kushindana. Na mega ni shida, mpaka mtu apande kilima kutafuta rezo. — Mama wa Mega Chache*

Mama, umekalia sanduku la dhahabu nawe waniomba senti. Je, huko kwenu Walikale si ndiko kwa Wanyanga, wenye karisi, zile tendi ndefu za mashujaa? Mwaka 1956 fundi wao mmoja, She-Karisi Rureke, alimwimbia, akamsimulia na kumchezea Mbelgiji Daniel Biebuyck habari za Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea, kwa muda wa siku 12, na kazi ile ikatoka kuwa kitabu mwaka 1969 kwa mikono ya Biebuyck na msomi wa Kinyanga, Kahombo Mateene. Lakini mimi humtazama Rureke kidogo, na walio karibu naye zaidi. Vijana walikuwa wakipiga kigogo kikavu kwa vijiti ili masimulizi yawe na mwendo; wasikilizaji waliitikia; na palipowapendeza walimtuza papo hapo. Hapakuwa na meza ya watu watatu wenye chupa za maji mbele yao. Neno letu tuzo limetoka katika kutuza huko, nalo kwa asili yake ni la hadhara nzima, wala si la kamati.

Rudisheni basi hukumu kwa hadhara. Kila msikilizaji apewe punje moja ya haragwe, na kila hadithi iwekewe kibuyu nyuma ya pazia. Msomaji asisome iliyo yake; zichanganywe, zigawiwe kwa kura, zisomwe bila majina, kisha watu wapite mmoja mmoja nyuma ya pazia. Shemeji naye atakuwa na punje yake moja, sawa na muuza mandazi. Nakuonya kwa jambo moja lililonifika: tandika kitambaa ndani ya kibuyu. Punje ya kwanza hulia kwa nguvu juu ya ganda tupu, ya ishirini huangukia wenzake isisikike, na wenye masikio makali watajua nani yuko nyuma, nao watamhurumia. Na huruma, katika mashindano, huharibu kuliko ushemeji. Sisemi haya kwa ubora wangu. Mimi nilipata kuwa mwamuzi katika shule moja, nikaipa alama zote insha iliyoandikwa kwa hati kubwa nzuri, kwa kuwa miwani yangu ilikuwa imevunjika, na baadaye ikadhihirika kuwa imenakiliwa neno kwa neno kutoka mgongo wa kalenda.

Ama wazee wako, waanzishie shindano la kinywa na mkono. Mzee asiyeandika na kijana asiye na hadithi wawe mshindani mmoja: huyu aseme, yule aandike, na sharti liwe kwamba kijana haruhusiwi kurekebisha neno la mzee, hata likiwa la Kinyanga katikati ya Kiswahili. Na kwa walio mbali, sauti isiyozidi dakika mbili. Mtu aliyepanda kilima kwa dakika mbili huchagua maneno yake. Mwenye mega nyingi huanza na salamu za viongozi.

*Mzee, mwalimu mmoja wa Nyabiondo ameshinda mara sita mfululizo. Je, tumtoe katika chama? (Sababu zangu ziko katika kurasa saba zinazofuata.) — Wa Pili wa Daima*

Ndugu yangu, usimtoe. Mfanye mwamuzi, asome insha ishirini za ng'ombe aliyepotea akapatikana, na mwaka ujao atarudi mnyenyekevu. Nawe kumbuka kwamba Mwindo huyo niliyemtaja, alipocheza wiki, mchezo wa kamari, na Sheburungu, alishindwa na kushindwa hata akabaki na usinga wake tu, na kwa usinga huo akarudisha vyote. Kurasa zako saba nimezisoma zote. Ukurasa wa nne, unapoeleza jinsi mwalimu alivyovaa koti la harusi kupokea zawadi ya daftari, ni hadithi bora kuliko yoyote iliyonifikia mwaka huu. Ondoa hasira iliyo mbele yake na nyuma yake, kisha uipeleke kwa katibu.

*Mzee, chama chetu hakina zawadi. Sandukuni mna franga elfu nne. Tulikuwa na fromaji moja aliyotutolea mfugaji wa Mushaki, tukampa dereva wa pikipiki aifikishe kwa mshindi, nayo ikapotea njiani. Watu wananitazama mimi. — Mweka Hazina Bila Hazina*

Bwana Mweka Hazina, barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama.

Kwanza nikutulize. Mali si roho ya zawadi. Mwaka 1957–58 East African Literature Bureau ilifanya shindano la kuandika hadithi kwa Kiswahili, na mshindi wa kwanza alikuwa Muhammad Said Abdulla wa Unguja, kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*. Fedha alizopata, kama alipata, hakuna anayeziuliza leo. Kitabu kilipigwa chapa mwaka 1960, na Bwana Msa na kiko chake wangali wanasomwa. Mshindi hutaka kusomwa. Kwa franga zako elfu nne toa nakala za hadithi iliyoshinda, nyingi kadiri fedha itakavyofika, uzibandike pale watu wanapongoja bila la kufanya: kwa kinyozi, penye kinu cha kusagia, na kibandani kwa mwenye kuchaji simu. Mtu anayengoja betri ijae atasoma hata insha juu ya amani.

Pili, dereva hana hatia, na wanaokutazama wakome mara moja. Jibini ilifika salama. Ilikuwa njema, yenye chumvi ya kadiri, na kwa siku tatu nimeipima kwa insafu bila upendeleo wa shemeji yeyote. Imebaki robo. Nairudisha kwa pikipiki ya Jumamosi, ikiwa imefungwa katika ukurasa huu, nami namwomba mshindi, kabla hajaanza kuila, anipelekee jina lake nimwandikie barua ya kumtaka radhi.