Baraza la Mshauri: Mbio za Jumamosi na Chungu cha Jumapili

Nyaraka zilizonifikia mwezi huu zimenitia katika mshangao, kwa kuwa hakuna hata mmoja miongoni mwa walioziandika aliyelalamikia mapenzi, mahari wala mirathi, mambo ambayo ndiyo riziki ya safu hii. Wote wamelalamikia miguu na matumbo. Naarifiwa kwamba siku hizi, mwambao mzima, watu wazima wenye akili timamu huamka alfajiri ya Jumamosi, siku waliyojaaliwa kulala, wakaenda mbio masafa marefu pasi na kufukuzwa wala kutumwa, na wakirudi nyumbani huanza kuulizana habari za dona, mchicha na ulezi kama wagonjwa waliotoka kwa tabibu. Kazi ya mshauri ni kujibu, si kustaajabu, basi najibu.

*Bwana Mshauri, mimi ni karani wa makamo, mkazi wa Mombasa. Kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri hukimbia pamoja na vijana kutoka Mama Ngina hadi daraja la Nyali na kurudi. Nimenunua saa ya mkononi inayonitangazia mwendo wangu kila kilomita, nayo haijanisifu hata siku moja. Vijana huniacha darajani, na Jumapili sishuki ngazi ila kinyumenyume. Nifanyeje nisiaibike? — Aliyeachwa Darajani*

Bwana Aliyeachwa, maradhi yako hayamo miguuni; yamo mkononi, pale palipofungwa saa. Ivue uifungie kabatini, kisha ushike kipimo ambacho hakihitaji kutiwa umeme, nacho ni ulimi: maadamu waweza kumsimulia mwenzako habari za arusi ya jana, nani aliyekuja, nani aliyenuna na pilau ilitosha au haikutosha, pasipo kukata maneno kwa kuhema, mwendo wako ni wa haki, ukianza kumjibu kwa kutikisa kichwa, umekwisha kuvuka mpaka. Wala usidhani kwamba huo ni mwendo wa wazembe. Kule Iten, juu ya bonde la Kerio, mahali palipoinuka mita 2,400 hivi juu ya bahari na panapotoka mabingwa wa dunia, mgeni aliyezoea kuwaona watu hao wakiruka kama paa katika mashindano hushangaa kuwakuta, asubuhi za mazoezi mepesi, wakijikokota kwa mwendo ambao hata wewe na tumbo lako mngeumudu. Maana wao wamekwisha kujua kwamba moyo na mapafu hujengwa kwa saa nyingi za upole, na kwamba kasi ina siku zake, nazo ni chache. Maumivu ya ngazi usiyaogope: ni misuli iliyotumwa kazi kupita ilivyozoea, nayo hupona yenyewe baada ya siku mbili tatu za kutembea taratibu.

Ama hiyo aibu unayoihofia, sijui umeitoa wapi. Mwaka 1968, katika Olimpiki ya Mexico City, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka njiani katika mbio za marathoni akaumia goti, naye hakuketi kando kungoja gari. Aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Uhabeshi kushinda, ilhali watazamaji wengi wamekwisha kwenda zao, akawa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Sasa toka ukamuulize yeyote umpendaye, barazani au sokoni, akutajie jina la aliyekuwa wa pili siku ile.

*Bwana Mshauri, mume wangu ameanza kukimbia kilomita 10 kila Jumamosi. Akirudi hukaa mkekani akala sufuria nzima ya mbaazi na mahamri manane, akisema mwili umekwisha wanga. Jioni hudai chipsi na soda kwa hoja iyo hiyo. Amenenepa. Nami niko jikoni tangu alfajiri, sijakimbia hata hatua moja, na nimechoka kuliko yeye. — Mpishi wa Bingwa, Tanga*

Bibi Mpishi, mumeo amesema nusu ya kweli, na nusu ya kweli ndiyo hoja ngumu kuliko zote kuitengua. Ni sahihi kwamba mwili huweka akiba ya sukari katika misuli na katika ini, na kwamba akiba hiyo yaweza kuisha. Lakini mkimbiaji wa marathoni, ambayo ni kilomita 42 na mita 195, aghalabu huonja upungufu huo karibu na kilomita ya 30, ndipo miguu humkataa na akili ikamwambia alale kando ya njia. Mumeo amekimbia 10. Akiwa na uzito wa kilo 70, ametumia kiasi cha kalori 700, na hizo hulipwa kwa insafu na sahani moja ya mbaazi na mahamri mawili. Hayo sita yaliyobaki, yaliyokwisha kuzama katika mafuta, yanakwenda moja kwa moja kukaa mahali ulipopaona wewe.

Basi nakuwekea utaratibu. Kabla ya kutoka, ndizi mbivu moja au kikombe cha uji wa ulezi, na si zaidi. Akirudi, sahani hiyo moja niliyoitaja, pamoja na chungwa; chai ya rangi angoje ipite saa moja au zaidi, kwa sababu chai inywewayo pamoja na chakula huuzuia mwili usipate madini ya chuma yaliyomo katika kunde na mboga za majani, ilhali chungwa na ndimu husaidia yapatikane. Chipsi na soda, la.

Nabakiza jambo lililo kubwa, nalo ni chakula cha mchana cha Jumapili, ambacho kitapikwa naye. Usishtuke. Mtu aliyeziweza kilomita 10 hawezi kushindwa na nazi mbili. Mketishe juu ya mbuzi akune, asifikie kifuu, maana tui likiingia machicha meusi hupoteza sura. Akamue tui zito aliweke kando, kisha atie maji ya vuguvugu akamue tui la pili. Mchicha auoshe kwa maji matatu, mpaka aone chini ya beseni hapana tena mchanga, na hapo ndipo utakapogundua tabia yake ya kweli, kwa kuwa watu wenye haraka huosha mara moja na kuwalisha wenzao ufukwe. Kitunguu, nyanya na chumvi vichemke katika tui la pili. Mchicha uingie, unywee. Mwisho kabisa moto upunguzwe ndipo limiminwe tui zito, naye asimame pale pale akikoroga upande mmoja, asiende kutazama simu, kwani tui likiachwa likachemka peke yake hukatika, na tui lililokatika halina dawa. Upande wa pili samaki achomwe kwa mkaa, changu akipatikana, apakwe ndimu na kitunguu thomu. Na ugali uwe wa dona. Wewe wakati huo vaa viatu vyake, kama vinakutosha, uende Raskazone na kurudi kwa mwendo wako.

*Bwana Mshauri, nikipita mtaani kwetu Ng'ambo, Unguja, majirani huniuliza nani ananifukuza. Niwajibuje?*

Waitikie salamu, usipunguze mwendo. Watachoka upesi, na mmoja wao, baada ya muda si mrefu, atakuuliza kwa sauti ya chini viatu hivyo ulivinunua duka gani.

*Bwana Mshauri, nimejitayarisha kikamilifu: viatu vya bei kali, mkanda wa chupa nne za maji, na mkebe wa unga wa kuongeza nguvu. Lakini kila Jumamosi hapa Dar es Salaam mvua hunyesha. — Niko Tayari*

Bwana Niko Tayari, Abebe Bikila wa Uhabeshi alishinda marathoni ya Olimpiki kule Rome mwaka 1960 akiwa peku, na mwaka 1964 kule Tokyo akashinda tena, safari hii akiwa amevaa viatu na soksi. Wanavyuoni wa riadha wamebishana sana juu ya jambo hili. Mimi naona tu kwamba mara zote mbili alifika mahali pa kuanzia. Chupa nne zipunguze ziwe moja, unywe uonapo kiu: maji yanywewayo bila kiasi huizimua chumvi iliyo katika damu, na wako wakimbiaji waliokufa kwa hilo. Mahali pa ule unga tia tende tatu mfukoni. Na mvua ya masika ni neema kwa mtu wa pwani, ambaye adui yake mkubwa ni joto lenye unyevu. Laiti waliokimbia mwezi wa Februari wangeipata. Toka nayo. Ikiwa Jumamosi ijayo kisanduku cha viatu kitakuwa bado hakijafunguliwa, niletee ofisini. Mimi navaa nambari 42.