Huko Hata Gari Husikii

Ijumaa iliyopita, saa saba za usiku, mbele ya meza ya mapokezi ya nyumba moja ya wageni huko Kariakoo, Dar es Salaam, nilikuwa nimesimama nimejifunga shuka la kitanda, povu la sabuni likinikaukia shingoni, na mgongoni mwangu, kwa herufi za wino wa kijani ambazo hata mwenye mtoto wa jicho angaliweza kuzisoma kutoka ng'ambo ya barabara, pamepigwa chapa MALI YA NYUMBA HII, USITOKE NALO NJE. Na katika hali hiyo ndipo mlango wa barazani ulipofunguliwa, wakaingia kinamama waliotoka karamuni, wananukia udi na asumini, wakiongozwa na shangazi wa yule binti ambaye asubuhi yake tulikuwa tumeagana kukutana na aila yake kwa mazungumzo ya mahari ya kijana wetu. Kwa kuwa kisa hiki kimekwisha kufika Tanga kabla yangu, na kimefika na nyongeza, naona ni haki yangu kukieleza kwa mpango wake.

Mimi si mtu wa kuchukua chumba kwa pupa. Nimelala katika nyumba za wageni za kutosha kujua kwamba chumba kilicho karibu na ngazi ni chumba cha kusikiliza viatu vya watu, kwamba kilicho juu ya jiko huanza kukaangiwa vitumbua kabla ya alfajiri, na kwamba kinachotazama barabara, katika mtaa ambao maduka yake hushindana kwa spika tangu kunapopambazuka, si cha kulaliwa na mwanadamu aliyekuja mjini kwa shughuli ya heshima. Basi nilimweleza kijana wa mapokezi haja yangu kwa utaratibu.

"Mwanangu, mimi sitaki televisheni, wala friji, wala dirisha la kutazamia mji. Nataka chumba kimya."

"Kipo, mzee wangu," akajibu, macho yake yangali kwenye simu. "Orofa ya tano, nyuma. Huko hata gari husikii. Ila kile ni elfu tano zaidi."

Nikalipa. Nikajaza na daftari la wageni, ambalo lilitaka kujua jina langu, kabila langu, kazi yangu, nitokako na niendako, mambo ambayo hayamhusu yeyote mle ndani, ilhali hapakuwa na safu hata moja ya kumwuliza mgeni kama usingizi wake ni mwepesi. Lifti haikuwako. Nilipanda kwa miguu nikimshukuru Mungu kwa kila orofa iliyozidi kunitenga na barabara, nikafungua mlango, nikakuta kitanda, neti iliyofungwa fundo juu yake, kipande cha sabuni ndani ya karatasi yake, na kandambili mbili za bluu, zote za mguu wa kushoto, zilizokatwa pembeni kwa kisu ili asitamani mtu kuondoka nazo. Kimya kilikuwako kweli. Nilikifua kikoi changu, nikakianika dirishani, nikajilaza. Mpaka saa nne na nusu nilikuwa mtu mwenye furaha.

Hapo ndipo ilipoanza sauti, kwanza mngurumo, kisha mlio mwembamba juu ya mngurumo, ikitoka katika mbao za kitanda, katika kioo cha dirisha, na katika meno yangu mwenyewe.

Yanibidi nimweleze msomaji jinsi maji yanavyopanda ghorofani, maana ni jambo ambalo tangu usiku ule limenishughulisha kuliko mahari. Maji ya mji hayana nguvu ya kupanda orofa tano kwa hiari yake, na siku nyingine hayaji kabisa. Kwa hiyo mwenye nyumba huchimba birika uani, akayakusanya humo yanapokuja, kisha akafunga pampu ya kuyasukuma hadi kwenye simtanki juu ya paa, ambako hushuka tena kwa uzito wake yenyewe hadi katika mabomba ya wageni. Ndani ya simtanki mna boya. Maji yakipungua, boya hushuka, na kushuka kwake huunganisha umeme, pampu ikaanza. Maji yakijaa, boya hupanda, umeme ukakatika, pampu ikanyamaza. Ni hikima iliyokamilika, haihitaji mtu wa kuamka usiku kuchungulia tangi, na aliyeibuni Mungu amjazie heri. Ila ina upungufu mmoja. Boya la juu halijui habari za birika la chini. Birika likikauka, na usiku ule lilikuwa limekauka, boya huendelea kudai maji, na pampu huendelea kuitika, kama mtumishi anayetii amri za bwana aliyekwisha kuzikwa. Nayo pampu ya namna ile hufanya kazi kwa kuyazungusha maji na kuyatupa pembeni kwa uzito wake. Ikivuta hewa haina cha kutupa, kwa kuwa hewa ni nyepesi mno, basi huzunguka bure, karibu mara 3000 kwa dakika kwa umeme wetu huu, na kwa kuwa hakuna tone linalofika juu, boya halipandi, na kwa kuwa boya halipandi, pampu haizimwi. Itazunguka mpaka kuche, au mpaka iungue, lolote litakalotangulia.

Mtu atauliza: mashine iko uani, nawe uko orofa ya tano, kelele ilikufikiaje? Hili nalo ni la ajabu. Fundi alikuwa ameikaza pampu kwa bolti kwenye ukuta wa nyuma, bila hata kipande cha mpira cha kuitenganisha na zege, na bomba lake la chuma limepandishwa kwa ukuta huo huo, limeshikwa kwa vibanio orofa kwa orofa, hadi nyuma ya kichwa changu. Sauti katika hewa huenda takribani mita 340 kwa sekunde, na njiani hutawanyika na kuchoka. Katika chuma huenda mita zipatazo 5000, wala haitawanyiki, bali hufuata bomba mpaka mwisho wake. Fauka ya hayo, mngurumo wa mitetemo 50 kwa sekunde una wimbi lenye urefu wa karibu mita saba, nacho chumba changu hakikuwa na hata mita nne. Mto wa pamba juu ya sikio hauwezi kuzuia kitu kirefu kuliko chumba. Nilijaribu, na neti pia nikaikunja nikaiweka juu ya mto.

Toka hapo nimepata maarifa ambayo nayatoa bure kwa kila msafiri. Watu wote husema, chukua chumba cha nyuma. Kelele za barabara, ambazo ndizo wanazozikimbia, huja kwa hewa, na ukuta na umbali huzipunguza. Kelele za nyumba yenyewe huja kwa kuta zake, na ukuta hauwezi kukukinga na ukuta. Na nyuma ndiko mwenye nyumba anakoficha kila kitu ambacho hataki mgeni akione anapoingia: pampu, jenereta, mashine za viyoyozi, mapipa ya taka na mafeni ya jikoni. Mbele amepaka rangi. Kijana wa mapokezi hakunidanganya hata kidogo. Gari kweli sikulisikia.

Nikaona dawa ni kuoga, kwani joto la Dar es Salaam na hasira havikai pamoja katika mwili mmoja. Hapa tena nilikutana na elimu. Nguvu ya maji ya bomba hutokana na kimo cha tangi juu yake: kila mita 10 za kimo huleta mkandamizo wa takribani bar moja, kwa hiyo mgeni wa orofa ya kwanza huoga kwa maji yanayochoma ngozi, lakini mimi niliyekuwa chini ya paa, na simtanki lenyewe juu ya utosi wangu, niliteremshiwa uzi mmoja mwembamba, nao pia hukatika kila mtu wa chini afunguapo bomba lake. Niliulipia ujirani wa tangi, kisha tangi likawanywesha wengine. Nilijipaka sabuni kuanzia kichwani, kwa mazoea. Uzi ukakatika. Nikangoja, macho yamefumba, nikisikiliza mashine ikipiga kelele kwa ajili ya maji yale yale ambayo hayakuwako.

Kikoi kilikuwa kibichi dirishani. Nikatwaa shuka, nikajifunga, nikatoka ili niite mtu kutoka kizingitini tu, na kitasa, ambacho kilikuwa cha namna ya kujifunga chenyewe, kikajifunga.

Kijana wa mapokezi alikuwa amelala kwenye godoro nyuma ya meza yake, amejifunika hadi usoni. Nikamwamsha.

"Pampu inalia na maji hayatoki," nikasema.

Alifikiri kidogo. "Ikilia, mzee, maana yake inafanya kazi."

Nilikuwa nakusanya maneno ya kumjibu ndipo waliporejea karamuni wale kinamama, ambao, kama nilivyokuja kufahamu baadaye, walikuwa wamepangiwa vyumba vya mbele. Shangazi alisimama. Adabu ya pwani haimruhusu mtu kupita bila ya kuamkia, wala haina jibu zaidi ya moja.

"Salaam alaykum, mkwe."

"Waalaykumu salaam."

"Habari za tangu jioni?"

"Njema, mama, twashukuru."

"Kwema lakini?"

"Kwema kabisa."

Mabinti waliomfuata wakanipa shikamoo mmoja baada ya mmoja, nami nikawaitikia marahaba mmoja baada ya mmoja, mikono yote miwili imeshika fundo la shuka, povu likishuka polepole juu ya nyusi. Na nilipogeuka ili niwapishe ngazini, kwa kuwa sikuwa na njia ya kuwapisha bila ya kugeuka, nikasikia nyuma yangu kimya cha watu wanaosoma. Baadaye orofa ya pili ikaangua kicheko ambacho, nakiri kwa insafu, kwa dakika chache kiliizima pampu.

Asubuhi, kwenye mazungumzo, nilivaa kanzu na koti. Hakuna aliyetaja neno. Ila mzee mmoja wa upande wao alimvuta mshenga wetu kando akamwuliza, kwa upole mkubwa, kama ukoo wetu una tabia ya kutembea usiku. Mahari haikupunguzwa hata shilingi.

Usiku uliofuata walinihamishia orofa ya kwanza, juu ya jenereta. Baada ya hapo nikapewa chumba cha mbele, juu ya duka la spika, nikalala fofofo mpaka saa kumi, makuli walipoanza kushusha marobota ya mitumba.

Haya yote ningaliyasamehe. Nisilolisamehe ni jambo nililoliona siku nilipoteremka uani kutazama mashine kwa macho yangu. Hatua mbili tatu kutoka pale, katika kijistoo cha mafagio, pana kitanda, nacho kimeegemezwa ukuta ule ule wenye bolti, na ndicho anacholalia binti anayefua mashuka ya nyumba nzima. Nikamwuliza analalaje. Akaniambia, "Nimeshazoea, baba." Basi mashauri ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1999 ni kwamba kelele ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, na kila kumi zinazoongezeka ni nguvu mara kumi; nasi nchini mwetu tuna kanuni za kelele na mitetemo tangu mwaka 2015, zimeandikwa vizuri, zina mchana wake na usiku wake. Lakini nani amewahi kumwona mpimaji na kipimo chake uani mwa gesti, saa nane za usiku? Na waganga wanasema moyo wa aliyelala huendelea kushtuka kwa kelele hata pale ambapo mwenyewe hazinduki tena, kwa hiyo huyo aliyezoea, amezoea kwa masikio tu, na gharama inalipwa mahali asipopaona. Mimi nilidaiwa elfu tano kwa ajili ya kimya nikaona nimedhulumiwa. Yeye hakuulizwa. Kipande cha mpira chini ya mashine ile kingekatwa katika tairi bovu, na tairi bovu lilikuwa palepale uani, limeegemea pipa.

Nilimwonyesha meneja lile tairi. Alinisikiliza kwa taadhima, akaniomba nisubiri, akarudi na karatasi, nami nikadhani ni stakabadhi ya kurejeshewa ile elfu tano. Kumbe fundi wa pampu alikuwa akidai ujira wake, na mwenye nyumba amekataa kumlipa mpaka apatikane shahidi kwamba mashine iliwaka usiku kucha. Na katika wageni wote waliolala mle, hapakuwa na mwenye habari kamili kunishinda. Maelezo yalikuwa yamekwisha kuandikwa, imebaki saini. Nikayasoma mara mbili. Palipoandikwa "ilisukuma" nikapakata, nikaandika "ilizunguka". Saa ya kuanza nikaijaza kwa uhakika. Na pale palipotaka saa ya kuzimwa nikapaacha wazi, kwa kuwa wakati natia saini nilikuwa naisikia.