Namna ya Kustarehe Songwe Bila Kuvuka Mpaka

Kwanza kubali kwamba hakuna atakayekuamini. Mtu anayeshuka basi Tunduma, mpakani, huwa anakwenda Zambia, anatoka Zambia, au anafuatilia mzigo uliokwama. Ukisema umekuja kupumzika, utatazamwa kuanzia viatu hadi begi, kisha mazungumzo yataenda hivi, hasa ukimkuta mama lishe wa stendi akiwa na chapati kikaangoni:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nakonde au Lubumbashi?"

"Wala, mama. Nimekuja kutembea."

"Kumtembelea nani?"

"Kutembea tu. Nipo likizo."

"Aa." Anaigeuza chapati. "Pole sana baba. Yatapita tu."

Usibishane naye. Agiza maharage, kaa kwenye benchi, na uanze likizo.

Mkoa wenyewe bado mchanga. Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa, na tangu hapo umekuwa na kazi ngumu ya kuwashawishi Watanzania kwamba kati ya Mbeya na Zambia kuna mahali. Majina nayo hayausaidii. Ukiona tiketi ya ndege imeandikwa Songwe, usishangilie mapema, kwa sababu Uwanja wa Ndege wa Songwe uko Mkoa wa Mbeya. Ulianza kupokea ndege mwaka 2012, kabla mkoa haujazaliwa, kwa hiyo uwanja hauna kosa. Ila mgeni anayetua Songwe ili aione Songwe atalazimika kuondoka Songwe kwenda Songwe, na dereva wa teksi hatacheka, maana ameshalieleza jambo hilo mara nyingi mno.

Mito ni vilevile. Iko miwili yenye jina moja: mmoja unaingia Ziwa Rukwa, mwingine unaingia Ziwa Nyasa, na huu wa pili ndio mpaka wetu na Malawi. Mwenyeji akikwambia mkutane mto Songwe kwa ajili ya kuvua samaki, muulize upi, vinginevyo kila mmoja atavua peke yake. Huu wa Nyasa, ukishafika tambarare za huko Kyela, una tabia ya kuhamisha mkondo wake, na mtu anaweza kulima shamba lake mwaka hadi mwaka bila kujua kwa hakika anamlimia nani. Serikali mbili zimeunda kamisheni nzima ya kushughulikia bonde la mto huo.

Sasa majira. Shuleni tulikaririshwa kwamba yako manne: kiangazi, masika, kipupwe na vuli. Vuli ni mali ya Dar es Salaam, Tanga na wenzao, Songwe haifiki. Huku mvua ni moja tu, inaanza Novemba, inakwenda hadi Aprili, na ikiondoka imeondoka. Juni na Julai ni kipupwe, wakati ambao watu wa Vwawa hutembea wamejikunja na mikono mifukoni. Agosti hadi Oktoba ni kiangazi, yaani vumbi. Kwa hesabu hiyo mkoa ungebaki na majira matatu, lakini haukukubali kuaibika mbele ya vitabu. Nafasi ya nne ukaijaza kwa foleni.

Foleni ya malori ya Tunduma haina mwezi wake maalumu. Huja yenyewe, kama mashemeji. Malori yanashusha shaba ya Kongo na Zambia kwenda bandari ya Dar es Salaam, yanarudi na mafuta, salfa ya migodini, mbolea na kila kinachouzika Lusaka, na yote lazima yapenye kwenye mji huu mmoja. Mwaka 2019, mwezi Oktoba, Rais Magufuli na Rais Edgar Lungu walikuja kuzindua kituo cha huduma za pamoja mpakani. Utaratibu wake ni mzuri na rahisi kuueleza: badala ya kusimama nchi unayotoka na kusimama tena nchi unayoingia, unasimama mara moja tu, kule unakoingia. Foleni ilipopata habari hizo ilipungua kwa heshima ya wakubwa. Kisha shaba ikapanda bei, malori yakaongezeka, na siku nyingine mkia wake unaukuta Mpemba, ukiwa bado hujaliona hata bati moja la Tunduma.

Hapa ndipo ushauri wangu unapoanza kuwa na faida. Ukitaka kujifunza kuishi nje, acha vitabu vya kambi na umtafute dereva wa lori. Ndiye mtalii mzoefu kuliko wote mkoani, ingawa hajawahi kupewa kipeperushi. Mtazame jioni. Anashuka, ananyoosha mgongo, anafungua sanduku la chuma ubavuni mwa trela. Ndani kuna jiko dogo la gesi, sufuria iliyoungua tako, unga kwenye ndoo ya rangi, chumvi kwenye chupa ya maji iliyotobolewa kizibo. Utingo amekwisha kukata nyanya juu ya kifuniko cha ndoo. Maji yanatoka kwenye tangi lililofungwa chini ya trela, lenye koki, na hayohayo yatatumika usiku kuogea nyuma ya tairi la mwisho, upande usio na taa. Mkeka unatandikwa katikati ya magurudumu. Drafti inachezwa kwa vizibo vya soda, Fanta dhidi ya Coca-Cola. Bodaboda wanapita na vocha, mayai ya kuchemsha na habari za mbele.

Ukikaribishwa, kaa. Lakini shika adabu za mahali. Usiweke jiko karibu na tanki la mafuta. Wenye tanki ni watu wapole hadi waone kiberiti. Usiseme una haraka. Na usiulize wanaondoka lini, kwa sababu swali hilo limevunja nyoyo za watu wazima. Itakapopigwa honi mbele, utaona vipaji: mkeka unakunjwa, drafti inanyanyuliwa na kete zake zikiwa palepale, sufuria inaingia sandukuni na mwiko ndani, na injini zinaunguruma kijiji kizima. Mnasogea mita mia mbili. Mnasimama. Sufuria inatoka, na ugali ulioanza kusongwa mbele ya duka la dawa unamaliziwa mbele ya kanisa. Wazungu hulipa dola nyingi kwa wiki moja ya kulala nje, kupika nje na kutojua kesho kutakuwaje. Dereva wetu anavipata vyote vitatu, na bado anapigiwa simu na tajiri kuulizwa amefika wapi.

Kishawishi kikubwa kitakuwa kuvuka. Mpaka wenyewe haukutishi: barabara, vibanda, vijana waliokumbatia mabunda ya kwacha wakikuita "bosi" kabla hujafungua mdomo, na watu wenye shangazi upande huu na mjomba upande ule, maana Wanyamwanga walikuwapo hapa kabla ya ramani. Halafu kuna jambo la saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, hivyo mkesha wa Mwaka Mpya unaweza kupiga kelele Tunduma saa sita usiku, ukavuka, ukakuta Nakonde ndiyo kwanza saa tano, ukasubiri kupiga kelele tena. Mtu aliyechelewa miadi Tunduma anaweza kufika Nakonde akiwa amewahi. Nakiri kwamba hiki ni kivutio ambacho Serengeti haina. Lakini hapa ndipo wengi wanapoiharibu likizo yao: wakishavuka hawarudi kuiona Songwe, wanarudi kuipita. Kuhusu vile vijia vinavyokatiza nyuma ya nyumba, viitwavyo njia za panya, mwongozo huu hauvipendekezi kwa matembezi ya afya. Waongoza wageni wake hawavai vitambulisho, na mandhari ya mwisho huwa ni askari.

Badala yake, geuza uso urudi upande wa Mbeya ukamwone mgeni mmoja aliyefika Songwe na asiulize njia ya Zambia. Yuko Ndolezi, wilayani Mbozi. Alitoka angani, hakuna ajuaye lini, na hakuacha shimo la kuonyesha alipoangukia. Wenyeji walimjua zamani, ila vitabu vinaanza kumhesabu mwaka 1930, alipoonwa na mpima ardhi W. H. Nott. Kimondo cha Mbozi kina urefu wa mita tatu hivi, uzito wake hukadiriwa kati ya tani 12 na 16, na karibu asilimia 90 yake ni chuma, kinachobaki kwa sehemu kubwa ni nikeli. Kimo katika orodha ya vimondo vikubwa duniani, ingawa kile cha Hoba, Namibia, kinakipita mbali kwa tani zake sitini. Kilikuwa kimezikwa nusu. Udongo ukachimbwa pembeni, likabaki shina chini yake, likajengewa zege, na sasa kinaonekana chote. Siku hizi kiko mikononi mwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, yaani kimeingia ukoo mmoja na faru.

Namna ya kukitazama: usiende na matarajio ya ng'ombe wa dhahabu. Ni chuma cheusi chenye mashimomashimo, kimelala mlimani. Kiweke kiganja. Saa ya asubuhi Julai utautoa mkono haraka kwa baridi. Oktoba mchana utautoa kwa sababu nyingine. Tafuta mahali palipokatwa kwa msumeno ili kupata sampuli. Wanaojua kazi ya chuma watakwambia waliokata walitoka jasho. Kipande kilikwenda London. Kilichobaki hakikuhama, na kwa mkoa ambao kila kitu kinapita, huo ni uaminifu wa kutolewa mfano. Hata heliamu, ambayo mwaka 2016 watafiti walitangaza kuikuta kwa wingi bonde la Rukwa, ni gesi nyepesi ambayo ikiponyoka inapaa na kuondoka duniani kabisa, bila hata kupitia Nakonde.

Sasa ziwa, maana nimeambiwa likizo haikamiliki bila ufukwe. Rukwa lipo, na kipande chake ni cha Songwe. Kutoka uwanda wa Mbozi, ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, unateremka hadi bondeni mita 800 hivi, na ukiondoka Vwawa asubuhi umevaa koti, utafika Kamsamba umelibeba, na kufikia alasiri utakuwa unajiuliza kwa nini wanadamu walibuni makoti. Kwa siku moja umepata majira yote ambayo wenzako wa Ulaya wanayasubiri mwaka mzima.

Lakini ufukwe wa Rukwa una mambo yake. Ziwa halina mto unaotoka. Momba, Songwe na wenzao wanaingiza maji, jua linayaondoa, magadi yanabaki. Ni la kina kifupi, kwa hiyo mvua ikizidi linasogea hadi mashambani, mvua ikikosa linarudi nyuma hadi unalitafuta kwa baiskeli. Anayetaka kujenga hoteli ya ufukweni ajenge ya magurudumu. Kuogelea kunaruhusiwa na serikali. Ruhusa ya mamba na viboko uiombe mwenyewe. Wavuvi wa huko watakuonyesha mahali pa kusimama, nawe simama hapohapo. Tena uwaheshimu panzi wa huko, kwa kuwa bonde la Rukwa ni moja ya mazalia yanayojulikana ya nzige wekundu, na katika baa la miaka ya 1930 na 1940 nzige hao walisambaa nchi nyingi kusini mwa Afrika, wakala walichokuta. Nao, kama wote, walipita tu.

Kuhusu chakula na vinywaji sina mengi. Mbozi ni nchi ya kahawa, arabika nzuri, yenye kituo chake cha utafiti Mbimba. Mvua za kwanza zikigusa mibuni, maua meupe yanafunguka na harufu yake inaingia hadi ndani ya basi. Hivyo usimwaibishe mwenyeji kwa kuagiza kahawa. Mkulima anaianika, anaipima, anaiuza, na yeye anakunywa chai ya rangi. Ukisisitiza utaletewa ya kopo, iliyosagwa mkoa mwingine, pamoja na kijiko na tabasamu. Kunywa na ushukuru.

Jambo la mwisho ni la usafiri. Kwa anayetoka Mbeya, kimondo kiko kabla ya Vwawa, nje ya barabara kuu. Mwambie kondakta mapema unaposhukia, na umwambie tena mkishavuka mto Songwe, ule wa Rukwa, kwa sababu ukishaonekana na begi, yeye ameshaamua kwamba wewe ni wa mpakani.