Namna ya Kumpokea Mgeni "Anayepita Tu" Tabora

Ukiwa na nyumba Tabora, huna haja ya kualika mtu. Reli ya kutoka Dar es Salaam inagawanyika hapa, moja Mwanza, nyingine Kigoma, na hiyo ya Kigoma inatoa tawi la Mpanda pale Kaliua. Ndugu wa huko wote ni wako. Fuata hatua hizi.

1. Usiamini neno "napita". Mpwa wako akipiga simu, "Mjomba, shikamoo, napita tu, kesho naunganisha Kigoma," tandika godoro la wiki mbili. Mwaka 1872 Livingstone naye alikuwa anapita. Akakaa Kwihara, nje kidogo ya mji, tangu Februari hadi Agosti, akingoja wapagazi ambao Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Mwaka uliofuata akapita tena, safari hiyo akiwa maiti, amebebwa na watumishi wake akina Chuma na Susi kwenda Bagamoyo. Waliosema mgeni siku ya tatu apewe jembe hawakuishi njia panda.

2. Toza hongo. Misafara ilipokatiza Ugogo, watemi hawakuiachia njia mpaka vitambaa vihesabiwe. Nawe kagua mizigo kabla ya salamu kwisha. Wa Kigoma anadaiwa dagaa na mawese, wa Mwanza sangara. Wa Dar ataleta mkate uliobonyea na stori, pokea mkate.

3. Akiwa Mzaramo, nyamaza. Utani wake na Wanyamwezi ni wa enzi za misafara. Ataingia jikoni, atafunua sufuria, atauliza paja la pili la kuku limekwenda wapi. Babu zenu walizikana njiani, kwa hiyo kununa hakuruhusiwi. Ficha la tatu, kama kuku wako analo.

4. Msindikize na mzigo. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili hivi, kama kilo 32, tena kwa ujira. Mgeni wako atabeba bure. Jaza shangazi kaja matobolwa na karanga, juu weka dumu la asali. Mfuniko uufunge kwa nailoni; asali itavuja vilevile, lakini itavujia begi la abiria wa jirani. Akilalamika kuwa mzigo umezidi, mwambie ni wa bibi, utapokelewa stesheni Dodoma. Hatathubutu kuuliza bibi yupi. Hapo ndipo utajua kuku wako hakuliwa bure.

5. Weka daftari. Kila aliyelala kwako ana kwake. Andika jina, mji, idadi ya siku alizokaa, na kama alisaidia kuchota maji. Watu wa Tabora wanaolalamikia wageni ndio hao hao ambao hawajui gesti ya Mwanza inafananaje. Ukipata safari, fungua daftari, chagua aliyekaa sana, kisha pakia nguo za mwezi.