Umetaboli Unavyosingiziwa
Umetaboli, yaani shughuli ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nishati, husingiziwa kila kitambi, hasa na waungwana waliovuka miaka 40, ambao hudai kwamba umezeeka ghafla ilhali wao wenyewe bado ni vijana. Kwa bahati mbaya, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Science, uliohusisha watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, ulionyesha kwamba kasi yake, ukubwa wa mwili ukizingatiwa, haibadiliki sana kati ya umri wa miaka 20 na 60. Ni kweli kwamba mwili uliopungua uzito hubana matumizi ya nishati. Lakini utetezi huo ni wa aliyekwisha kupungua, si wa anayeagiza chapati ya nne.